Azimio letu la maji limerudishwa: tumekosea wapi?

"Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni Katibu wa Bunge la Wanafunzi katika kampasi moja hapa Pemba. Pampu ya kisima cha dahalia ya wanawake iliungua mwezi wa Februari, na tangu hapo tunateka maji kwa jirani, alfajiri na baada ya magharibi. Waziri wetu wa Malazi ameandika barua mara mbili, hakujibiwa. Basi tukaitisha kikao, tukajadili mpaka saa nne za usiku, tukapitisha azimio lenye 'kwa kuwa' saba na kulipeleka kwa Mshauri wa Wanafunzi. Baada ya wiki likarudi na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: 'Haieleweki mnaomba nini na mnamuomba nani.' Rais wetu anasema tatizo ni Kiswahili, tuliandike upya kwa Kiingereza kwa kufuata mfano wa chuo kimoja cha Marekani alioupata kwenye intaneti, na tuongeze 'kwa kuwa' ili liwe na nguvu. Spika anasema tumedharauliwa tu, tutoe tamko kwenye vyombo vya habari. Mimi ndiye niliyeliandika na kosa silioni. Azimio linaandikwaje khasa? Na likishapita, uongozi wa chuo unalazimika kulitekeleza? Nakala nimeiambatanisha."

Waalaykumu salaam, Bi Katibu. Nakala nimeisoma. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: Kiswahili chako ni kizuri, tena kizuri kuliko cha maazimio mengi yanayopita mikononi mwangu, na kalamu nyekundu ile haikukudharauni. Aliyeandika pembeni amekufanyieni hisani. Angeweza kulitia azimio kwenye jalada na kunyamaza, kama zilivyofanyiwa zile barua mbili. Badala yake amekuambieni kwa maneno machache kitu gani kinakosekana.

Wasomaji wengine hawana nakala mbele yao, kwa hiyo nalinukuu kwa ufupi. Linasema: kwa kuwa maji ni uhai, na kwa kuwa elimu ni ufunguo wa maisha, na kwa kuwa vijana ndio taifa la leo na la kesho, na kwa kuwa Serikali ya Awamu ya Nane imefanya juhudi kubwa katika sekta ya maji, na kwa kuwa dahalia ya wanawake haina maji kwa muda mrefu, na kwa kuwa wanafunzi wanapata usumbufu mkubwa, na kwa kuwa uongozi umekuwa ukiahidi bila ya kutekeleza, "kwa hiyo basi, Bunge hili linaazimia kwamba suala hili lishughulikiwe na wahusika haraka iwezekanavyo."

Sasa jiweke kwenye kiti cha Mshauri wa Wanafunzi. Barua imekufikia mezani saa mbili asubuhi, nje kuna foleni ya wanafunzi wenye shida za mikopo na mafunzo kwa vitendo. Unasoma mistari saba, unafika kwenye uamuzi, unakuta "wahusika". Ni nani hao? Fundi? Mhasibu? Ofisi inayosimamia majengo? Mamlaka ya Maji? Wewe mwenyewe? Na "suala hili" ni lipi: pampu itengenezwe, inunuliwe mpya, maji yaletwe kwa boza, au mrudishiwe sehemu ya ada ya malazi? Hata angetaka kukusaidieni siku ileile, hana pa kushika.

Kosa halikuanzia kwenye uandishi. Nahisi mlikaa kikaoni mkajadili shida, mkaijadili vizuri, na mkaondoka bila ya kuamua jambo. Ukapewa wewe kalamu uandike uamuzi ambao haukufanywa. Mwandishi yeyote angeishia kwenye "haraka iwezekanavyo".

Maana azimio ni uamuzi wa kikao uliowekwa katika maandishi, basi. Nasisitiza kwa sababu kwetu huku linachanganywa na ndugu zake. Risala ni ile inayosomwa mbele ya mgeni rasmi: inashukuru, inaeleza mafanikio na changamoto, inaomba kwa upole, ndani yake "maji ni uhai" inakaa vizuri kabisa. Tamko ni kauli ya kiongozi au ya uongozi, na linaweza kutolewa bila ya kura hata moja. Muhtasari ni kumbukumbu ya nani alisema nini. Hoja ni pendekezo ambalo bado halijaamuliwa. Hoja ikitolewa, ikaafikiwa, ikajadiliwa na ikapita kwa kura, hapo ndipo inapokuwa azimio. Ulichokiandika wewe kina kichwa cha azimio na mwili wa risala. Hilo halishangazi, maana tangu skuli sote tumefundishwa kuandika risala, na azimio hatukufundishwa na mtu.

Nije kwenye swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua namna ya kuandika. Hapana, uongozi wa chuo haulazimiki kutekeleza azimio la wanafunzi. Bunge lenu linaweza kuwaamuru wale tu ambao katiba yenu ya wanafunzi imewaweka chini yake: Rais wenu, mawaziri wenu, kamati zenu, wewe Katibu, pamoja na fedha za michango ya wanafunzi kwa utaratibu wa bajeti yenu. Mshauri wa Wanafunzi, Mkuu wa Kampasi na Makamu Mkuu wa Chuo hawamo katika orodha hiyo. Hao mnawaomba au mnawapendekezea.

Wanafunzi wengi wakisikia hivyo huvunjika moyo, wakaona azimio ni karatasi tu. Lakini hata maazimio ya wakubwa yako hivyohivyo. Chukua lile lililobadilisha siasa za visiwa hivi. Mwezi wa Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilipitisha hoja binafsi ya Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani, ya kutaka wananchi waulizwe kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Azimio lile peke yake halikuunda serikali yoyote. Ilibidi itungwe sheria ya kura ya maoni. Kura ikapigwa tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo; mwezi uliofuata Katiba ya Zanzibar ikafanyiwa Mabadiliko ya Kumi; na serikali yenyewe ikaja baada ya uchaguzi wa Oktoba. Azimio lilikuwa mlango. Nguvu yake ilikuwa kwamba lilitaja hatua inayofuata kwa uwazi, hata aliyetakiwa kuichukua akajijua.

Nanyi ni hivyohivyo, kwa kadiri yenu. Ombi lililo wazi, lenye tarehe na lililopitishwa na kikao halali, linadai jibu la maandishi. Likijibiwa "hapana", mnayo sababu mkononi ya kujadili. Likinyamaziwa, mnaye mwakilishi wenu katika vikao vya chuo, na vyuo vikuu vyetu vingi vina mwanafunzi katika Seneti au Baraza la Chuo. Mwakilishi huyo hawezi kwenda na manung'uniko. Anahitaji karatasi yenye namba na tarehe.

Kwa hiyo kila kitenzi katika sehemu ya uamuzi kipime kwa swali moja: huyu ninayemtaja yuko chini ya Bunge letu au juu yake? Wa chini aagizwe: "linamwagiza Waziri wa Malazi". Wa juu aombwe: "linaiomba Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi". Kumuagiza asiyekuwa chini yenu ni kujitafutia kalamu nyekundu nyingine. Kosa la upande wa pili nalikuta mara nyingi zaidi, kwamba Bunge "linamuomba" waziri wake mwenyewe afanye kazi yake, na waziri anaichukulia kuwa ni ombi kweli.

Haya, tuandike. Anzia mwisho. Kabla ya "kwa kuwa" hata moja, chukua karatasi ujibu: nani afanye nini, lini, na tutajuaje kuwa kimefanyika? Kama kikao hakijakupa majibu, rudisha kikaoni, usiyatunge wewe. Majibu yakipatikana, kila moja liwe kifungu chake chenye namba. Kifungu chenye mambo mawili kitakusumbueni siku ya kupiga kura, pale watu watakapokubali nusu na kukataa nusu.

Hapa jihadhari na vitenzi vya kutendwa. Kiswahili kinaturuhusu kumficha mtenda kwa herufi chache tu: lishughulikiwe, litatuliwe, zichukuliwe, ifanywe. Katika mazungumzo ni adabu, maana hutaki kumnyooshea mtu kidole. Katika azimio ni hasara tupu. Ukikuta kitenzi cha namna hiyo katika sehemu ya uamuzi, kigeuze, mtenda atajitokeza mwenyewe: "Ofisi ya Mshauri iwasilishe", "Katibu apeleke". Asipojitokeza, fahamu kwamba kikao hakikumfikiria.

Kwa mfano wa vifungu vinavyopimika, litazame Azimio la Arusha, ingawa lilikuwa la TANU, chama cha ng'ambo ya pili kule Bara, si la ASP, chama chetu cha Zanzibar. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Waraka wote tumezoea kuuita azimio, lakini sehemu zake za mwanzo ni imani ya chama, ujamaa na kujitegemea. Azimio lenyewe limo katika sehemu ya tano. Na huko lugha inabadilika ghafla. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba za kupangisha. Hakuna "viongozi wawe na maadili mema". Kila sharti ni la kuulizwa mtu akajibu ndiyo au hapana: una nyumba unayopangisha, huna? Ndiyo maana yaliwauma watu. Na yalipokuja kulegezwa, haikutosha kuyasahau, ilibidi Halmashauri Kuu ya CCM ikae hapa kwetu mwaka 1991 na kupitisha Azimio la Zanzibar. Andika vifungu ambavyo mtu akitaka kuvikwepa itabidi aitishe kikao kingine.

Sasa ndio urudi juu kwenye "kwa kuwa". Kazi yake ni kumpa msomaji asiyekuwepo kikaoni sababu za kutosha kuuelewa uamuzi, na zikishatosha unanyamaza. Kwa azimio la aina yenu nazihitaji sababu za namna nne. Ya kwanza ni mamlaka: kifungu gani cha katiba yenu kinalipa Bunge haki ya kuzungumzia dahalia. Ya pili ni tukio lenyewe, kwa tarehe. Ya tatu ni hatua mlizokwisha kuchukua, maana mkubwa yeyote swali lake la kwanza ni "mlianzia wapi?" Ya nne ni athari, nayo iwe ya kuonekana kwa macho. "Usumbufu mkubwa" hauonekani. Wasichana kutoka na ndoo gizani alfajiri unaonekana, na Mshauri mwenye binti nyumbani hatahitaji maelezo zaidi.

Ukimaliza, fanya jaribio ambalo mimi huwafanyisha wanafunzi wangu kwa penseli. Vuta mstari kutoka kila "kwa kuwa" hadi kifungu inachokizaa chini. Iliyokosa mstari ifute. Kifungu kilichokosa mstari kiandikie sababu au kitoe. Katika azimio lenu "maji ni uhai", "elimu ni ufunguo", "taifa la leo" na "Awamu ya Nane" zote nne hazina pa kwenda. Hiyo ya Serikali najua kwa nini imo. Tumezoea kushukuru kabla ya kuomba. Shukurani iweke kwenye barua ya kusindikizia. Nayo "uongozi umekuwa ukiahidi bila ya kutekeleza" itoe kwa sababu nyingine: ni tuhuma, na umeniambia mwenyewe kwamba barua zenu hazikujibiwa. Asiyejibu hakuahidi. Aliahidi nani, lini, mbele ya nani? Kama huna jibu, unampa mkubwa nafasi ya kukanusha sentensi moja na kuiacha pampu pale ilipo.

Hivi ndivyo ningeliandika mimi, kwa yale uliyonieleza. Penye mabano jaza mwenyewe.

"Azimio Na. [ ] la Bunge la Wanafunzi. Kuhusu maji katika Dahalia ya Wanawake. Mtoa hoja: [ ]. Aliyeafiki: [ ].

Kwa kuwa Katiba ya Serikali ya Wanafunzi, kifungu cha [ ], inalipa Bunge hili jukumu la kusimamia ustawi wa wanafunzi wanaoishi dahalia;

Na kwa kuwa pampu ya kisima cha Dahalia ya Wanawake iliungua tarehe [ ] Februari, na hadi siku ya kikao hiki haijatengenezwa wala kubadilishwa;

Na kwa kuwa Waziri wa Malazi aliiandikia Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi tarehe [ ] na tarehe [ ], na nakala za barua hizo zimeambatanishwa;

Na kwa kuwa wanafunzi [idadi] wa dahalia hiyo wanateka maji nje ya kampasi alfajiri na baada ya magharibi;

Kwa hiyo basi, Bunge la Wanafunzi, katika kikao chake cha tarehe [ ], linaazimia:

1. Kuiomba Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iiandikie Serikali ya Wanafunzi, ndani ya siku 14 tangu kupokea azimio hili, na kutaja tarehe ambayo pampu itatengenezwa au kubadilishwa.

2. Kumuomba Mkuu wa Kampasi alete maji dahaliani kwa boza angalau mara mbili kwa wiki, hadi pampu itakapofanya kazi.

3. Kumwagiza Waziri wa Malazi aweke daftari la kila siku isiyokuwa na maji, na alisome mbele ya Bunge katika kila kikao.

4. Kumwagiza Katibu wa Bunge apeleke azimio hili kwa wote waliotajwa ndani ya siku 3, na alete taarifa ya majibu katika kikao kijacho."

Hapo chini zinakuja kura, yaani waliosema ndiyo, waliosema hapana na wasioamua, kisha saini ya Spika na yako. Ona kwamba katika namba 1 sikuomba "maji". Nimeomba tarehe. Tarehe inaweza kutolewa hata na ofisi isiyokuwa na fedha ya pampu leo, na ikishatolewa kwa maandishi ina uzito wake. Boza linagharimu fedha, huenda likakataliwa. Ndiyo maana limesimama peke yake katika namba 2, ili kukataliwa kwake kusiiangushe namba 1. Namba 3 na 4 hazimtegemei mtu yeyote nje ya Bunge lenu. Hata wakubwa wote wakinyamaza, nusu ya azimio lenu itakuwa imetekelezwa, na lile daftari la Waziri litazungumza zaidi kwenye kikao kijacho kuliko hotuba yoyote. Alama za nukta mkato mwisho wa kila "kwa kuwa" si mapambo: tangu mwanzo hadi kifungu cha mwisho ni sentensi moja ndefu, na kitenzi chake kikuu ni "linaazimia".

Kuhusu Kiingereza. Rais wenu hajakosea kutafuta mfano, ila tatizo lenu halimo katika lugha. Baraza la Wawakilishi pale Chukwani na Bunge la Muungano kule Dodoma yote yanaazimia kwa Kiswahili, kwa muundo huuhuu wa "kwa kuwa" na "kwa hiyo basi". Andikeni kwa lugha mliyojadilia, isipokuwa katiba yenu ya wanafunzi inasema vingine. Kama vikao vya juu vya chuo vinakaa kwa Kiingereza, ambatanisheni tafsiri na muandike wazi kwamba nakala ya Kiswahili ndiyo iliyopigiwa kura.

Na huo mfano wa Marekani una mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuuiga. Katika mabunge mengi ya wanafunzi kule, azimio ni maoni ya wanafunzi tu. Likitakiwa jambo la kuwafunga wenyewe, kama kutumia fedha au kubadili kanuni, huandikwa mswada, ambao una njia yake tofauti. Kwenu azimio linabeba yote mawili, kwa hiyo ukinakili fomu yao utapata maoni bila ya maagizo. La pili, huo wingi wa "kwa kuwa" anaoupenda Rais hata walimu wao wa vikao wanaukataza. Mwongozo wa vikao unaofuatwa zaidi kule, ulioasisiwa na mwanajeshi Henry Martyn Robert mwaka 1876, unasema utangulizi uwepo pale tu unapohitajika, na unapofanya marekebisho, vifungu vya uamuzi virekebishwe kwanza, utangulizi mwisho. Hilo la marekebisho lichukueni. Nimeona wajumbe wakitumia saa nzima kugombania neno "kusikitishwa" au "kuhuzunishwa" katika "kwa kuwa" ya tatu, na walipofika kwenye uamuzi nusu ya viti viko wazi.

Ambalo linanirudisha kwenye neno ulilolitaja kwa kupita: mlijadili mpaka saa nne za usiku. Wakati wa kupiga kura mlibaki wangapi? Fungua katiba yenu, tafuta akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kura iwe halali. Kama ni nusu ya wajumbe na mlibaki theluthi, basi hamkuwa na azimio, na heri amelirudisha kwa sababu nyingine. Akidi haihesabiwi pale mwanzo tu watu wanaposaini mahudhurio. Ihesabu tena kabla ya kura, na uandike idadi. Angalia pia kama hoja ilifika kwako kwa maandishi kwa muda unaotakiwa na kanuni zenu, na kama aliyeafiki ametajwa. Mtu anayetaka kulikwamisha azimio hahitaji kupinga maji, anatafuta tundu kama hilo tu.

Sasa la Spika, tamko kwenye vyombo vya habari. Simkatazi mtu kusema. Ila tamko mkilitoa leo, mwandishi wa habari atampigia simu Mshauri, naye atasema kweli tupu: "Waliniletea azimio, nikawaomba walifafanue, bado nasubiri." Mtaonekana watoto. Lirekebisheni, lipitisheni upya, lipelekeni, siku 14 ziishe. Zikipita kimya, mtakuwa na habari. Hata hapo ningepitia kwanza kwa mwakilishi wenu katika vikao vya chuo, na ningesoma sheria ndogo za chuo zinasema nini kuhusu wanafunzi kuzungumza na vyombo vya habari.

Tena sina hakika kama mlihitaji azimio. Pampu moja mbovu mara nyingi humalizwa na ziara ya watu watatu ofisini, mmoja wao awe msichana anayeteka hayo maji, na barua yenye sehemu ya kugongwa muhuri wa "imepokelewa". Azimio ni la pale njia hizo zimekwama, au mnapotaka jambo libaki kwenye kumbukumbu hata baada yenu. Mkilitumia kwa kila balbu iliyoungua, ofisi itazoea kuyapokea bila ya kuyasoma. Nyinyi mmeandika barua mbili zisizojibiwa, kwa hiyo naona mna haki nalo. Ila je, zile barua zilipokelewa? Muulize Waziri wa Malazi akuonyeshe muhuri. Kama alizisukuma chini ya mlango, "kwa kuwa" ya tatu haina miguu.

Kabla ya kikao kijacho, peleka rasimu kwa Mshauri wa Wanafunzi mwenyewe, uso kwa uso, umuulize: "Tukikuomba hivi, unaweza kutujibu?" Si kujisalimisha. Huenda akakwambia pampu si ya ofisi yake bali ya ofisi ya majengo, ukaokoa wiki tatu. Na yapo mambo ambayo usiyamalize kwa majibu ya kusoma kama haya yangu. Azimio likimtaja mtu kwa jina na kumtuhumu, likitaka kubadili katiba yenu, likigusa fedha za wanafunzi au mkataba na mzabuni, litafutie mwanasheria wa chuo au mwalimu wa sheria akae nalo chini kabla halijasomwa ukumbini. La maji lina jambo la haraka zaidi: kama hicho kisima cha jirani hakina mfuniko, au kuna wenzenu wameanza kuharisha, usisubiri kikao wala siku 14. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya leo, mumwambie Sheha na afisa afya leo, azimio litafuata. Visiwa hivi tunakijua kipindupindu.

Mkilipitisha upya, chapisha nakala mbili za kila anayetajwa. Moja abaki nayo, ya pili igongwe muhuri na tarehe mbele yako, maana siku 14 zinahesabiwa kuanzia hapo. Hiyo yenye muhuri iweke kwenye jalada la Bunge ofisini, pamoja na matokeo ya kura na orodha ya mahudhurio. Usiiache kwenye simu ya Rais. Mwakani atakuwa amemaliza masomo na simu kaondoka nayo.